Bei ya Kufungua Kopo

Rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa petroli huingia puani kama kitu kitamu, kisha hukwaruza koo. Harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha nyumbani kwetu Mweso kabla ya moshi wa jikoni, hasa miezi ya mvua, milima ya ng'ambo ya barabara ilipozama katika ukungu na hewa ikakataa kusogea. Papa alikuwa mwandikaji wa vibao. Alizaliwa Karuba, kwenye familia ya wakulima wa maharage na mihogo, akajifunza herufi kwa fundi mmoja aliyekuwa akipaka rangi makanisa, na alipomwoa Mama wakahamia Mweso kwa sababu mahali penye hospitali na soko hapakosi mtu anayetaka jina lake lionekane. Watu walimwita Papa Furaha, kwa jina langu mimi, mtoto wake wa kwanza. Karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu: benchi moja, mbao zilizoegemezwa ukutani, kamba iliyopakwa chaki ya kupigia mistari, na makopo ya rangi yaliyofunikwa kwa mifuko ya plastiki ili yasikauke.

Bei yake ilikuwa rahisi. Alihesabu herufi. Duka la dawa likitaka kibao kikubwa, herufi zilikuwa nyingi na sisi tulikula vizuri, lakini vibao vikubwa havikuja kila mwezi. Kazi za kila siku zilikuwa ndogo: jina kwenye mlango, alama kwenye benchi la kanisa, maneno mawili kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo vijana walibebea viazi na mkaa. Kwa kuwa herufi ililipiwa, watu walijifunza kubana majina yao. Bonaventure akawa Bona, na Bona mwenye haraka akawa B. Papa aliona ni haki. Aliyeandikiwa kidogo alipe kidogo. Lakini ili aandike hiyo B peke yake, ilimbidi asugue ubao kwa msasa, apige mstari, afungue kopo, atoe utando uliokuwa umeganda juu ya rangi, aandike, kisha aoshe brashi kwa petroli, nayo petroli ilikuwa ghali kila barabara ya Goma ilipoharibika. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda mfupi kuliko maandalizi yake. Hilo hakulihesabu.

Nilikuwa darasa la tano msimu ambao familia nyingi zilishuka kutoka vijiji vya juu zikikimbia mapigano. Baadhi walipokelewa na ndugu, wengine wakajenga vibanda vya miti na majani kwenye uwanja ulio chini ya kanisa. Bomba la maji lililotutosha sisi likawa la watu wote hao. Bidoni, yale madumu ya njano ya kutekea maji, zilipangwa tangu alfajiri, zote zikifanana kama punje za mahindi, na kila asubuhi kulikuwa na ugomvi: hii yangu, hapana, yangu ilikuwa na mfuniko. Mama mmoja alivunjwa jino kwa ajili ya bidoni. Basi wanawake wakaanza kuja kwa Papa, leo mmoja, kesho wawili, kila mmoja na bidoni yake, wakiomba herufi mbili tu za jina. Plastiki haipendi rangi, lazima ikwaruzwe kwanza kwa mchanga la sivyo rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Papa aliwakwaruzia, akawaandikia, akapokea bei ya herufi mbili, na mara nyingi hakupokea kitu. Alisema undugu ni kufaana, si kufanana. Mama hakubisha. Aliendelea kupembua maharage.

Kisha kopo jekundu likakauka likiwa bado nusu. Lilikuwa limefunguliwa na kufungwa mara nyingi mno. Wiki hiyo hiyo mimi na mdogo wangu Bahati tulirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, ambayo kwetu huitwa minervali. Mkurugenzi wa shule alisoma majina mbele ya mstari, tukatoka na mabegi yetu, na njiani Bahati aliniuliza kama tutakuwa wakulima. Nilimwambia anyamaze. Tulimkuta Papa ameinama juu ya kopo, akiichokonoa rangi iliyoganda kwa bisbisi kama mtu anayechimba muhogo kwenye ardhi ngumu.

Mama alikuja akaketi karibu naye. Hakupaza sauti. Namkumbuka akilishika lile kopo mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Papa Furaha," alisema, "wewe unahesabu herufi, lakini herufi haikuchoshe. Muntu anakuja na herufi mbili, unafungua kopo nzima, unaosha brashi na esanse, rangi inakauka. Ile kazi njo anapaswa kulipa. Alipe kufungua kopo. Kisha herufi, utamupatia kwa bei kidogo."

Papa alisema watu watasema tumegeuka wezi wakati wa shida. Mama akamjibu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba kopo likiisha, hao anaowahurumia atawaandikia kwa mate. Walizungumza mpaka sufuria ya mihogo ikaungua. Mwishoni Papa alikubali, lakini alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Mama aliuza maharage aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu, tukanunua kopo jipya kwa dereva wa lori.

Mteja wa kwanza wa bei mpya alikuwa shemasi wa kanisa letu, rafiki ya Papa tangu Karuba. Alitaka herufi mbili kwenye chukudu cha mwanawe. Aliposikia bei alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alimwambia Papa kwamba pesa imemla, akakisukuma chukudu chake bila kuaga. Mchana wa siku hiyo alikuja Mama Solange, mwanamke mrefu kutoka vile vibanda vya uwanjani, mumewe hajulikani alipo, watoto wanne. Alisikiliza bei hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaichukua bidoni yake akaondoka. Papa aliweka brashi chini na siku nzima hakuigusa tena. Jumapili, kwenye benchi ambalo yeye mwenyewe aliliandika, watu walisogea pembeni kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Wiki iliyofuata hakuja mtu. Nilisikia jirani akisema sisi tunakula machozi ya wakimbizi, na kwa mara ya kwanza nilimwonea Mama hasira.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imetoka kukatika, nilifungua mlango nikaona bidoni. Zilipangwa kuanzia barazani, zikakata ua, zikafika barabarani, na nyuma yake walisimama wanawake wa uwanjani na hata wa mtaa wetu, khanga zikiwa bado zimelowa. Mbele alikuwa Mama Solange. Alimwamkia Papa, akamuuliza kama ni kweli kopo linafunguliwa mara moja tu. Papa akasema ni kweli.

"Basi ufungue," alisema Mama Solange. "Ile bei muntu moja hataiweza, lakini tuko wengi. Tutagawana."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo tulikuwa tukiiimba shuleni bila kuifikiria, na siku hiyo niliiona ikisimama uani kwetu na miguu yenye matope. Kila mmoja alitoa kiasi kidogo sana, kidogo kuliko hata ile bei ya zamani ya herufi. Wanawake wenyewe walikwaruza plastiki kwa mchanga wa mtoni, mimi nilifuta kwa kitambaa chenye petroli, Papa aliandika. Hakuinuka mpaka jua lilipopita utosini. Mama mmoja mzee hakujua kusoma, akasema herufi hazimsaidii, yeye anataka jembe. Papa alisita, hakujua jembe ni bei gani, akamwita Mama. Mama alitoka jikoni, akalitazama jembe ambalo yule bibi alikuwa amelichora kwa kidole mchangani, akasema jembe ni herufi moja. Wote walicheka, na Papa alicheka pia. Ndipo nilipojua kwamba wiki hizo zote hakuwa amecheka.

Jumatatu nilirudi darasani. Bahati alisubiri wiki nyingine, kwa kuwa pesa ilimtosha mmoja. Shemasi hakurudi, alikiandika chukudu mwenyewe kwa lami, herufi moja ikatoka kichwa chini, na kwa miaka mingi kilipita hivyo mbele ya baraza yetu. Papa alimwamkia kila mara na hakusema neno juu ya zile herufi. Mapigano yalipopoa, wanawake wengi walirudi mashambani kwao. Mama Solange alielekea upande wa Walikale, kwa kaka yake aliyekuwa Itebero, safari ya siku nyingi msituni, bidoni mgongoni na watoto mbele yake.

Leo mimi nina karakana yangu mwenyewe Walikale. Herufi zinakatwa na mashine kwenye karatasi ya plastiki yenye gundi, na hazina harufu yoyote. Wateja wananitumia majina kwa simu, usiku na mchana, kila mmoja lake, na kila mmoja analipia kuwasha jenereta ya mashine peke yake. Huwa nawaambia wasubiriane kwa kuwa bei itashuka, lakini wana haraka, na wengine wao hawajuani. Napata zaidi ya alichopata Papa, watoto wangu hawajawahi kurudishwa na mabegi. Mama hayupo tena. Papa, ambaye macho yake yameingia ukungu, nilimleta akae nami. Juzi aliniuliza natoza kiasi gani kwa jina la kubandika kwenye pikipiki. Nilimwambia. Akasema ni bei nzuri, kisha akaniuliza wateja wanaketi wapi. Nilimweleza kwamba hawaji, wanatuma tu. Akanisihi nimsomee majina ya wiki hiyo, na kila jina nimweleze mwenyewe ni mtu wa namna gani. Nilimsomea yote, na katika orodha nzima sura niliyoweza kumweleza ilikuwa moja: ya mzee asiye na simu, aliyetembea tangu alfajiri kutoka kijijini kwake, akasimama kando ya mashine kofia mkononi mpaka herufi yake ya mwisho ilipokatwa.