Figo la Kushoto la Kiragu

Kiragu, mkazi wa kijiji cha Waithaka, alijisifia mambo mawili. La kwanza, miaka yote aliyopanga barua pale Posta mjini, hakuna kifurushi kilichopotea mikononi mwake. La pili, hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kulazwa hospitalini. "Sisi tulizaliwa tumekamilika," angesema, akijipiga kifua.

Basi mwaka wa 2006 tumbo likamshika. Shemeji yake Hannah, mwalimu na mjane wa marehemu kaka yake, alilinda jina la nyumba ile kama mtu aliyebeba mayai mkobani. Alimpeleka kwa Daktari Rasiklal kule Parklands, mbali na macho ya majirani. Daktari akampaka mafuta baridi tumboni, akapitisha chombo cha kupiga picha, kisha akakirudisha ubavu wa kushoto mara ya pili na ya tatu, kama mtu aliyeangusha sarafu nyasini.

"Mzee, maumivu yako ni gesi tu. Lakini figo la kushoto silioni."

"Tafuta vizuri, daktari. Labda limejificha."

"Nimetafuta. Halipo."

"Limeenda wapi?"

"Halijaenda popote. Ulizaliwa bila hilo. Hili la kulia limekua kubwa, linafanya kazi ya mawili. Watu wa namna yako si haba, wengine huzeeka bila kujua. Wewe kunywa maji, pima presha, na usimeze dawa za maumivu ovyo."

Kiragu alimtazama Hannah kwa aibu ya karani aliyepoteza kifurushi chake cha kwanza.

Ndani ya gari, walipopita Kawangware, Hannah alifunga kioo cha dirisha. "Debra wangu anaolewa Desemba," alisema. "Wakwe wakisikia haya, watasema ukoo wetu huzaa watu nusunusu. Na wasiosema hivyo watasema uliliuza."

"Nimuuzie nani, Mama Debra?"

"Hilo swali lenyewe usilirudie."

Kiragu akaapa kufunga mdomo. Debra hakuwa na baba, na yeye ndiye angesimama mahali pa marehemu siku ya ngurario, ile sherehe ya kimila inayotia muhuri ndoa. Siku hiyo bwana harusi hukata bega la mbuzi, na mke huwa wake. Lakini katika nyumba ile palikuwa na sharti: kisu hakitolewi mpaka shangazi za bi harusi waletewe mafigo ya mbuzi kwenye sahani, wayale, waridhike.

Desemba ikafika. Ken, bwana harusi, alitoka Kilimani na msafara wa magari yaliyong'aa. Ami yake, Wahome, ndiye aliyesimamia uchinjaji na uchomaji, huku Kiragu akimeza mate kwa wivu wa kutoshika kisu mwenyewe. Sahani ikapelekwa hemani walikoketi shangazi. Nyokabi, dada mkubwa wa Kiragu, akafunua kitambaa.

"La pili liko wapi?"

"Mkwe, lilikuwa hilo moja," Wahome akasema.

"Moja! Huyu mbuzi mlimtoa wapi? Ama kwenye fleti za Kilimani hata mafigo mnagawa vyumba?"

Wanawake wakapasuka kwa kicheko.

"Mama, naapa, tulimpasua tukakuta hivyo."

"Futa mdomo kwanza ndipo uape. Mafuta yamefika masikioni!"

Kwa bahati mbaya ya Wahome, ilikuwa kweli, kwa maana alikuwa ameonja mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, jikoni. Alijifuta kwa kiganja, na kicheko kikazidi. Hapo uso wake ukabadilika.

"Sikuja Waithaka kuitwa mwizi wa nyama. Ken, chukua koti lako. Twende."

Ken aliinuka nusu, akabaki hapo, hajui kama ni wa kukaa au kwenda. Debra, akiwa katika leso zake za bi harusi, hakumtazama Ken. Alimtazama Kiragu.

Kiragu akaenda nyuma ya jiko, mahali mbavu za mbuzi, ambazo hazijachomwa, zilipokuwa zinaning'inia. Akachungulia ubavu wa kushoto. Mafuta yalikuwa mazima, laini, hapana alama ya kisu. Akakumbuka lile figo kwenye sahani, jinsi lilivyokuwa kubwa. Alipogeuka, Hannah alikuwa mlangoni.

"Usithubutu," alinong'ona.

"Mama Debra, magari yanawashwa."

Akampita, akasimama katikati ya hema. "Wakwe, ketini. Hakuna aliyekula figo. Mbuzi huyu alizaliwa nalo moja."

"Na wewe udaktari uliusomea Posta?" Nyokabi akamkata.

Kiragu akavuta pumzi. "Niliambiwa Parklands. Hata mimi ninalo moja. Nilizaliwa hivyo."

Wahome, ufunguo wa gari mkononi, akamkagua toka kofia hadi viatu.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Macho yote yakamhamia Hannah. Alinyoosha kilemba chake, akapaza ile sauti aliyofundishia darasani miaka yake yote.

"Ndiyo. Na kwa figo hilo moja amemlea mtoto wa kaka yake mpaka leo mnamtaka nyinyi. Mwenye mawili aliyefanya zaidi ya hapo, na asimame."

Hakusimama mtu. Wahome ndiye aliyeanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa tumbo lote. "Mkwe, basi mbuzi tuliyeleta ni wa ukoo wenu kabisa!"

Nyokabi alijaribu kununa, akashindwa. Akasukuma sahani kwa ndugu yake. "Shika. Sisi shangazi tumeridhika. Kula wewe, uzibe pengo."

"Nipe," Kiragu akasema, akiketi. "Hili nalingoja tangu nizaliwe."

Ken akapewa kisu, na bega likakatwa kwa vigelegele. Hannah akamwinamia shemeji yake, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Tafuna ukifunga mdomo," alinong'ona. "Watu wanatutazama."