Binti wa Bingwa Alikuwa wa Mwisho

Baba yangu alikuwa bingwa, na hilo alitukumbusha karibu kila tulipokaa kula. Alipokuwa shuleni Kombewa aliwashinda wote waliovaa kaptula upande ule wa ziwa, akapewa kikombe ambacho Mama alikitumia kuwekea vifungo. Halafu siku moja kijana mwembamba wa shule nyingine akampita karibu na utepe, na Baba hakukimbia tena. Mimi nilimkuta akiwa karani wa bandarini Kisumu, mwenye tumbo la heshima, anayehema akiinama kufunga kamba za viatu.

Mimi nilipenda kukimbia. Tatizo ni kwamba nilikuwa mzito. Nilikimbia kama mtu anayekwenda kusalimia jirani, na mwalimu wetu wa michezo hakuwa na kazi na watu wa namna hiyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, redio za mtaa wetu wa Nyalenda zilikuwa hazichoki kutangaza medali za wakimbiaji wa milimani, na kila mwalimu alijiona naye atatoa medali. Wetu akatugawa. Washindi wakapewa uwanja. Sisi wengine, aliotuita mizigo, tukakaa kivulini kuwapigia makofi ya kilo. Niliyachukia makofi yale. Nilitaka kukimbia tu, hata nyuma ya magoli, na hata huko alinifukuza.

Mashindano ya shule yalipokaribia, mwalimu akagundua siri: watu wa milimani hawali samaki. Samaki hana miguu, alisema, atakupa mbio gani? Washindi wakapigwa marufuku kugusa omena wala ngege, wakaanza kunyweshwa maziwa ya kibuyu yenye mkaa, kama wafanyavyo wenzetu wa Nandi, isipokuwa haya mwalimu aliyatengeneza mwenyewe na kuyaweka stoo ya michezo, chini ya bati. Kule juu baridi huyalea maziwa. Kisumu joto liliyageuza kitu kingine kabisa. Asubuhi ya mashindano washindi wetu walikuwa na mbio kweli, lakini zote zilielekea chooni.

Mwalimu akaja kivulini, uso umemshuka, akaanza kuokota mizigo. Mimi nikapewa mbio ndefu za wasichana. Nani alimwambia Baba sijui, lakini aliomba ruhusa kazini, akaja amevaa tai, akasimama penye utepe akiwaambia wazazi wenzake kwamba mbio ziko kwa damu.

Nilikimbia vizuri sana. Nilikuwa wa mwisho, na si kwa kidogo. Mzunguko wa mwisho niliuzunguka peke yangu, waamuzi wakiwa wameshaanza kukunja utepe. Upepo wa ziwani ulinipiga kifuani, nyasi zilikuwa laini, na baada ya muhula mzima wa kupiga makofi, uwanja wote ulikuwa wangu. Nikacheka kwa sauti. Nikampungia Baba mkono. Akajifanya anasoma saa yake.

Nyumbani alisubiri nimalize ugali.

"Nyathina, mtoto yangu, hii maneno ya kukimbia imeisha leo," akasema. "Mimi siwezi kuwa na mtoto ya mwisho. Watu wamenicheka."

Niliogopa, maana neno la Baba halikuwa na rufaa. Lakini hasira ilinitangulia.

"Baba, wewe ulishinda, ukawacha. Mimi sitaki kushinda. Nataka tu nisiwache."

Mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuna mtoto aliyewahi kumjibu bingwa, na mimi nilingoja kofi. Baba alilitazama tumbo lake kama mgeni aliyekuja bila taarifa, kisha akaenda kulala mapema.

Jumamosi asubuhi alitoka na kaptula ya zamani iliyokataa kufungika, kiunoni ameizungushia kamba. Alisema anakwenda kuangalia kama ziwa bado lipo, na kama nina miguu nimfuate, ila tupite njia isiyo na watu. Kisumu haina njia isiyo na watu. Alikimbia mpaka duka la kwanza, akakaa chini akihema hadi mwenye duka akamletea maji. Watoto walimcheka. Akina mama wa samaki walimuuliza anafukuzwa na nani. Akainuka, akakimbia tena, safari hii taratibu, kwa mwendo wangu.

Hakumshinda mtu yeyote tena maishani mwake. Tulikimbia hivyo miaka mingi, tukipitwa na wasichana waliojitwika beseni za samaki. Mashujaa wa maziwa waliacha walipomaliza shule, na siku hizi nawaona wakipumzika katikati ya ngazi. Niliolewa, nikahamia Migosi, na wanangu nao wakakimbia nasi kila walipomtembelea babu yao. Hakuna aliyeulizwa amekuwa wa ngapi. Mwishowe uzee ukamfikia Baba, mwendo ukawa wa fimbo. Nikawa natangulia hatua chache, nasimama, namngoja. Huo ndio wakati pekee maishani mwangu nilipokuwa mbele ya mtu, na sikuupenda hata kidogo.