Mwezi Mwandamo na Lenzi ya Pili

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mlango nikishaufunga, hurudi kuutikisa. Jioni ile ya mfungo wa ishirini na tisa, tabia hiyo iliniponza.

Baba, mwenye duka la vitambaa mjini Machakos, alikuwa amejisifu msikitini kwamba binti yake ana darubini. Basi tukapanda kilima upande wa Katelembo, yeye na mimi, kutafuta mwezi mwandamo. Msikiti wetu hufuata mwezi ulioonekana hapa hapa. Tukiuona, Baba angempigia imamu simu na kesho ingekuwa Idi. Tusipouona, watu wote wangefunga tena; na kama ulikuwepo tukaukosa, wangekuwa wamefunga siku ya Idi, nayo ni haramu.

Nilikuwa na lenzi mbili za kutazamia. Ya milimita ishirini na tano huonyesha kipande kipana cha mbingu, ndiyo ya kutafutia. Ya milimita kumi huvuta karibu zaidi, lakini huonyesha padogo tu, na darubini ikitikisika umepoteza unachokitazama. Hiyo ni nzuri kwa mashimo ya mwezi mkubwa. Kwa mwezi mwembamba unaokimbilia kuzama, haifai. Nilijua hayo yote.

Nilingoja jua lizame kabisa ndipo nikafungua kifuniko, maana lingenipofua. Nikaweka lenzi pana, nikapitisha darubini polepole upande wa magharibi. Ukawa pale: uzi mweupe, umelala chali.

"Umeuona?" Baba aliuliza, simu tayari mkononi.

"Ngoja kwanza, nihakikishe."

Laiti ningemwita tu atazame, tuwe mashahidi wawili! Badala yake nikachomoa lenzi, nikaweka ile ya kumi. Giza. Nikasukuma kushoto, kulia, juu. Nikarudisha ile pana, na mbingu ilikuwa tupu.

"Uliuona ama hukuuona? Unaweza kuapa?"

Nikawaza labda ulikuwa mkwaruzo kwenye kioo, au ukope wangu mwenyewe. "Siwezi, Baba."

Akapiga simu. "Hatujauona," akasema, akakunja mkeka.

Kesho yake tulifunga. Jua lilipotua, mwezi ulisimama juu ya paa letu, mnene, kila mtu akiuona kwa macho matupu.

"Huu ni wa siku mbili," shangazi akasema, akicheka.

Baba aliutazama, kisha akanipa tende ya kufuturu. Afadhali angenigombeza.