Kisima cha Mdogo Wangu

Mimi nanunua mawese, kwa hiyo siamini kitu chochote kilichomo ndani ya dumu. Mzigo unatoka Ilagala, unashushwa mwaloni zinapofunga boti, na kabla sijataja bei nalaza dumu ubavu, nalitikisa, kisha nachomeka kijiti hadi chini nione kinatoka na nini. Mafuta huelea juu ya maji, na wenye mzigo wanalijua hilo. Wengine wanalijua vizuri mno. Nikimaliza kuhesabu madumu naanza upya, na muuzaji akinuna namwambia, "Baba, hesabu ya kwanza ni yako. Hii ya pili ndiyo yangu."

Kitu kimoja tu sikuwahi kukichomekea kijiti: kisima cha nyumbani kwetu Ujiji, upande ule wa mtelemko unaoshuka ziwani.

Hakikuchimbwa kwa sababu tulikosa maji. Kilichimbwa kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume. Aliumwa tumbo, tukampeleka hospitali, wakasema apasuliwe, na kabla ya kupasuliwa asile wala asinywe. Akaomba maji. Alikuwa mbeba mizigo, mtu wa kuinua gunia huku anasimulia visa, na siku ile akawa anaomba maji kama mtoto wa chekechea. Mama alikuwa na chupa ya maji mkobani. Aliishika tu.

"Wamekataza, baba. Ukitoka utakunywa."

Hakutoka. Daktari hakukosea, niliuliza, nikaenda kuuliza tena kwa mwingine, jibu likawa lile lile. Mama naye hakukosea. Lakini alirudi nyumbani na chupa yake imejaa.

Arobaini ilipopita akauza cherehani, akaita wachimbaji. Mimi nikaanza nao kama kawaida yangu: udongo wenyewe mchanga, maji yenyewe yako karibu, sasa nyie mnachimba au mnafukua? Walishaanza kulegea, Mama akatoka ndani.

"Acha. Sadaka haiombewi punguzo."

Akawapa chote walichotaka, na ugali wa muhogo na samaki wa migebuka juu yake. Kichwa kiliniuma mpaka jioni.

Watu wakawa wanateka bure. Malipo yalikuwa maneno mawili tu: ukishajaza ndoo yako unasema, "Mungu amrehemu," na Mama kutoka barazani anaitikia, "Amina." Hakuna aliyeyapanga hayo. Mmoja alisema, wa pili akafuata, ikawa ndiyo adabu ya kisima. Jirani yetu mmoja, mama aliyetokea Kongo, Mkristo, alikuwa anasema kwa namna yake, "Mungu amupumzishe kaka yetu," halafu anafanya ishara ya msalaba na ndoo iko kichwani. Siku moja mtu akadokeza kwamba labda dua ya namna hiyo haihesabiwi.

"Ameteka, amesema," Mama akamjibu. "Wewe ulitaka akupe na risiti?"

Kila "Amina" aliishushia punje ya tasbihi. Jioni alizipitia upya. Watu huniuliza tabia yangu nimeitoa wapi.

Niliwahi kumwuliza anachofikiria pale barazani kutwa nzima. Alinitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi.

"Anakunywa," akasema.

Basi. Kwa Mama hesabu ilikuwa hiyo: wakinywa watu, anakunywa mwanawe. Shule na vitabu vina namna zao za kueleza sadaka isiyokatika, yeye alikuwa na yake, na ilimsimamisha asubuhi.

Mwaka ziwa lilipopanda halikuja kwa kishindo. Lilichukua kwanza ufuko walipokuwa wanaanika dagaa. Kisha likaingia kwenye nyumba za chini, moja baada ya nyingine. Watu waling'oa milango na mabati wakahamia kwa ndugu. Tulisikia Bangwe ni hivyo hivyo, Kagunga hivyo hivyo. Sisi tulikuwa juu kidogo, tukajiona tumepona.

Na kisima kikapanda. Maji yaliyokuwa mbali chini yakawa yanakuja juu wiki hadi wiki, meupe, yametulia, mpaka ukiinama unaona meno yako. Tulikata kamba nusu. Baadaye tukaikata tena. Mimi ninayechungulia madumu ya watu, nilichungulia pale nikaona faida: kazi imepungua, maji yameongezeka, na hakuna aliyelipa. Mama aliona kikubwa zaidi.

"Unaona?" alisema, mkono umelowa hadi kwenye bangili. "Inapokelewa. Mpaka inajaa."

Aliwaambia majirani, wakaja wengi zaidi. Tasbihi ilizunguka kuliko siku zote. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tangu msiba.

Akaanza kuugua mtoto mdogo wa yule jirani wa Kongo. Kuhara na kutapika, akalazwa. Wakafuata wengine katika nyumba za jirani. Yule mtoto wa jirani alirudi amekwisha, macho yameingia ndani, lakini alirudi.

Bibi afya wa mtaa alikuja kwa miguu, binti mdogo, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya tope. Alisalimia, "Shikamoo Mama," akazunguka, akatazama nyumba za chini zilizoachwa, akateka maji kwenye chupa yake akaenda nayo. Aliporudi hakukaa kwenye kiti tulichompa. Nikajua bei yake haitashuka.

"Mama, haya maji yasinywewe."

Mama akaingia ndani akatoka na glasi. Akaijaza kisimani, akamnyooshea juani. "Nionyeshe uchafu, mwanangu. Nionyeshe."

"Hauonekani, Mama. Vyoo vya nyumba za chini ni vya shimo, na ziwa limeingia mle. Ziwa hilo hilo ndilo limekuja huku kwa chini ya ardhi. Ndiyo maana kisima chako kimejaa."

Mama aliendelea kuishika ile glasi juu. Nikaingilia mimi, maana kimya cha biashara nakijua, anayenyamaza ndiye anayeuziwa.

"Dada, tusaidiane. Kama ni kuchemsha, tutawaambia wachemshe."

"Mkaa wa kuchemshia maji ya nyumba zote hizi atanunua nani? Wewe?"

"Basi vidonge."

"Vidonge ninavyo. Mtoto akija na kikombe hapa wewe uko mwaloni, atasubiri kidonge?"

"Basi ya kufulia tu."

"Dada, hakuna mtoto anayefua bila kunywa."

Nilipata nilichopata: kisifukiwe. Kiwekwe mfuniko wa zege, kisubiri ziwa lirudi, kipimwe tena. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Nikageuka kumwambia Mama, nikakuta ameweka glasi chini.

"Yule mtoto," akasema. "Alikunywa ya hapa?"

Bibi afya aliangalia viatu vyake. "Inawezekana, Mama. Na wale wengine."

Alipoondoka, Mama hakulia. Alikaa, akaishika tasbihi bila kuizungusha. Alasiri ndipo akaniita.

"Wakinywa wakapata uzima, inamfikia mdogo wako. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Basi na hii imemfikia."

Nina jibu la kila muuzaji. La mama yangu nikaenda kuliazima. Nilimchukua kwa mwalimu wa madrasa, mtu mpole, aliyemsomesha mdogo wangu alif na be. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama yangu," akasema, "kosa la mtu halimbebeshi mwingine, sembuse maiti. Na wewe hukukosa, hukujua. Haimfikii hata tone."

"Haimfikii."

"Haimfikii kabisa. Na nia yako njema imeandikwa, kisima kiwe wazi, kiwe kimefungwa. Nia haifungwi na zege."

Mama alishukuru, akajifunga vizuri mtandio. Mlangoni akasimama.

"Mwalimu, mwanangu hakufa na kiu ya nia."

 Mwalimu alimshika kichwa mtoto mmoja aliyekuwa anapita, akamsukuma taratibu arudi darasani.

Mfuniko ulipoletwa, Mama hakutaka vijana waifungue kamba. Aliifungua mwenyewe, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda. Alikwenda kwa jirani na sahani ya wali na maharage, akampakata yule mtoto aliyerudi hospitali, akamhesabu mbavu kwa vidole. Jirani alimwambia, "Mama mukubwa, usilie, ule ni ugonjwa tu." Mama alikuwa halii. Aliyekuwa analia ni jirani.

Mimi ni mtu wa kupunguza hasara. Nikahangaika mpaka nikavuta bomba uani kwetu, maji ya mjini, yanayotoka yakijisikia. Nikatangaza kwamba wateke bure kama zamani. Walikuja. Walipanga foleni, wakajaza, wakasema, "Asante sana, dada, Mungu akubariki," wakaondoka. Mama alikuwa barazani, midomo tayari. Hawakuwa na ubaya. Bomba ni bomba, linafunguliwa, linafungwa, nani atalisemea marehemu? Nikaona jinsi alivyokuwa akiinua kichwa kila dumu linapojaa, halafu anakishusha.

Nikafanya ninachokijua. Nikamvizia jirani wa Kongo pembeni.

"Ukiteka kesho, sema kama zamani. Kwa sauti."

"Nitasema, dada, kwa roho moja. Lakini mama yako atajua umenituma."

"Hatajua."

Asubuhi akajaza ndoo, akaitwika, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Mungu amupumzishe kaka yetu!" Msalaba juu. Kwa kweli alitia chumvi kidogo.

 Kisha Mama akanigeukia mimi, si yeye.

"Umemlipa ngapi?"

Jirani akaangua kicheko, nami nikacheka, na Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mfuniko uje, akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu kicheko kile kile kikamgeukia katikati, akafunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika, na jirani akatua ndoo yake chini akakaa naye. Mimi nilikwenda kufunga bomba lililokuwa limeshafungwa.

Ziwa limerudi nyuma kidogo. Nyumba za chini zimebaki kuta zenye mstari wa tope, na bibi afya anasema bado, kila akipima anasema bado. Mama anakaa kiti kile kile, lakini amekigeuza, sasa kinatazama mfuniko.

Juzi nilitoka mwaloni na jua lote kichwani. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, miguuni pake.

"Mama, nina kiu."

Sikupanga. Lakini nilipolisema nikaona ameshtuka. Alinyanyuka taratibu, akaingia ndani, nikasikia mfuniko wa mtungi wa maji yaliyochemshwa. Akatoka na kikombe amekishika kwa mikono miwili. Hakurudi kukaa. Alisimama juu yangu akinitazama koo.

Nilikunywa. Miaka yote ile nilikuwa mtoto wa nyumba, nilitumia maji ya nyumba, na yale maneno mawili hayakuwa na sababu ya kunitoka mimi. Yalinitoka.

"Mungu amrehemu."

Mama alikipokea kikombe, akakiinamisha kuelekea kwenye mwanga, akachungulia ndani kama mimi ninavyochungulia dumu.

"Umebakiza," akasema.

Nikakichukua tena. Nikamaliza. Nikamrudishia, nikangoja.

Alikiangalia chini hadi akaridhika kwamba ni kikavu. Akakipeleka ndani, akakisuuza, akakifudikiza juu ya mtungi. "Amina" sikuisikia.