Matogoro Wamempoteza Mzee Komba

Mji huu mtu huwezi kuongea mambo ya mpira kwa amani! Mimi na wenzangu wa Lizaboni tunaendesha ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, kwenye kompyuta. Timu tumezipa majina ya kata zetu, wachezaji majina ya majirani. Mkimbiaji wa Matogoro nilimwita Mzee Komba, maana mzee huyo hupanda kilima bila kutweta.

Jumamosi, nikinyolewa Majengo, nikawarekodia wenzangu kwenye simu uchambuzi wa msimu mpya: "Majengo wana ulinzi mzuri. Lizaboni wazito. Ila Matogoro, jamani, wamempoteza Mzee Komba! Bila yeye wamekwisha."

Kinyozi akazima mashine, akanipa pole. Nikaipokea. Nilidhani naye anaupenda mchezo.

Kesho yake nikasikia Mzee Komba wa Matogoro amefariki. Nikaenda mbio huku nalia. Nikakuta viti vimepangwa uani kwake, akina mama wanalia, na Mzee Komba mwenyewe anaingia kutoka shamba, jembe begani. "Msiba wa nani tena huu?" akauliza.

Nilipandwa na hasira, acheni! Nikasimama mbele ya watu wote. "Shikamoo, mzee. Hebu ajitokeze huyo mpuuzi aliyemzulia kifo mzee wa watu! Hana hata haya?"

Kinyozi akainuka kwenye kiti chake, ananishangaa.

"Kaka, si wewe jana? Nilikupa pole, ukapokea."