Mama Alivyopepesa Macho

Jicho langu la kushoto lilianza kucheza wakati tukiandaa makabrasha ya bajeti ofisini. Ngozi ya chini ya jicho ilitetemeka yenyewe, ikatulia, ikaanza tena, hata nikiwa naongea na mtu. Mwenzangu mmoja alisema ni dalili ya kilio. Nilimcheka, lakini kesho yake nikaenda kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Aliniuliza nalala saa ngapi, nakunywa kahawa kiasi gani, nakaa mbele ya kompyuta muda gani. Kisha akasema siumwi. Ni uchovu, kahawa, na macho kukauka kwa kukodolea kioo, nikipumzika jicho litaacha kucheza. Nilikuwa nimeshasimama niondoke nilipomwambia kwamba labda nimerithi, maana mama yangu anapepesa macho mno, tangu nilipomfahamu.

Akaniambia nikae. Akauliza mama yuko wapi. Nikamjibu yuko kijijini, ukishapita Kibaigwa na kuiacha lami. Akauliza kama kope huwa zinamchoma.

Zilimchoma sana. Nilikua nikizing'oa. Jioni, kabla mwanga haujaisha, mama alinilazia kichwa mapajani, nami nikazitafuta kwa kibano zile zilizogeukia ndani na kukwaruza jicho. Yeye naye alimng'olea bibi vivyo hivyo. Kwetu wanawake wengi wazima walikuwa na macho mekundu, na tulisema ni vumbi na moshi wa jikoni. Maji yalitoka mbali. Yalikuwa ya kupikia, si ya watoto kunawa uso kila mara.

"Huo ni ugonjwa wa vikope," daktari akasema. "Mlete haraka."

Nikamleta kwangu mjini, Nzuguni. Hapo ndipo nilipoona alivyopapasa ukuta kutafuta mlango. Kijijini alijua kila kitu kilipo, kwa hiyo hakuna aliyetambua.

Daktari alimwamkia shikamoo, akamgeuza kope polepole, akamulika. Alimulika muda mrefu. Alieleza kwamba ugonjwa huo huanza utotoni kwa maambukizi yanayojirudia; kovu huikunja ngozi ya kope kuelekea ndani, na kila mara mtu anapopepesa, kope hukwangua kioo cha jicho. Upasuaji ungezirudisha nje na kupunguza maumivu. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

"Hata kidogo?" mama akauliza.

"Hata kidogo, mama."

Akaitikia kwa sauti ileile aliyoitikia salamu.

Alipasuliwa, akapona vidonda, akarudi kijijini. Kwa muda alilala bila maumivu, nami nikaanza kuzoea kwamba angalau hilo tumelipata. Mvua zilipoisha, kope za jicho la kulia zikaanza kugeukia ndani tena. Daktari alikuwa ametuonya kwamba hutokea.

Nilikodi gari nikamfuate. Nilimkuta amekaa chini nje ya nyumba, akichambua alizeti kwa ncha za vidole, akitupa mawe pembeni. Nilimweleza kwamba wanaweza kurudia upasuaji. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Rudi kazini, mwanangu," akasema. "Nimechoka kushikwashikwa macho."

Nilimbembeleza. Nilimwambia jicho litamuuma likiachwa hivyo. Akasema anajua litakavyomuuma. Nilikaa naye mpaka dereva akapiga honi mara ya pili, kisha nikaondoka peke yangu.