Ufunguo wa Magobore

Kijijini kwetu Karatu, upande wa mashamba yanayopakana na msitu wa Ngorongoro, kulikuwa na magobore matatu, bunduki za kienyeji za kufukuzia wanyama. Mlevi mmoja alipofyatua lake kwa furaha ya arusi na kutoboa paa la jirani, serikali ya kijiji iliyafungia yote ofisini kwa majaribio. Mwenye shida na lake aje aombe, aandikwe, apewe. Baada ya wiki mbili mkutano ungeamua kama utaratibu uendelee.

Mimi nilikuwa mwalimu, nikapewa kazi ya kuandika muhtasari. Siku moja kabla ya mkutano, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, niliuliza watu maoni yao. Wanawake wengi walitaka kufuli.

"Mwalimu, gobore halijui paa la nani," mmoja aliniambia.

Wenye mashamba kando ya msitu walikuna vichwa tu.

Jirani yangu mjane hakukuna kichwa. Gobore moja lilikuwa la marehemu mumewe, na mahindi yake, chakula chake cha mwaka mzima, ndiyo ya kwanza kufikiwa na nyani. Mkutanoni alisimama.

"Ndugu mwenyekiti, kuandikwa sipingi. Hata kibali nitakibandika ukutani. Ila naomba gobore langu sasa hivi."

"Sasa? Si tuko mkutanoni, mama?"

"Nyani hawana habari na mkutano. Hao hapo."

Tukageuka. Ng'ambo ya korongo, shamba lake lilikuwa limejaa migongo ya kijivu. Dume moja lilikaa juu ya kichuguu likimenya hindi bila haraka, kama mzee aliyeletewa chai.

"Ufunguo!" mwenyekiti akaita.

Ufunguo alikuwa nao katibu, na katibu hakuonekana. Mfugaji wa Endulen aliyekuwa akipita na mbuzi wake kutoka mnadani alisimama kutusikiliza.

"Katibu wenu? Nimemwacha mnadani. Nyama yake bado haijaiva." Akatazama ng'ambo. "Na wale, wameandikwa?"

Watu wakaangua kicheko. Mjane hakucheka. Nyani walimaliza mistari miwili ya juu, wakaruka ua, wakaingia shamba la pili. Hilo lilikuwa la mwenyekiti.

Mwenyekiti alivua koti, akakimbia. Nasi tukamfuata na madebe na mayowe mpaka nyani wakarudi msituni. Mkutano ukaendelea palepale, katikati ya mabua yaliyovunjika. Ikapendekezwa magobore yote yaandikwe. La mlevi na lile la tatu yabaki chini ya kufuli, la mjane lirudi kwake, naye alinde mashamba yote ya mpakani.

"Na arusini je?" aliuliza yule mama wa mashineni.

"Arusini nitakuja na vigelegele," mjane akajibu.

Tulikuwa tunapiga kura katibu alipotokea, ufunguo mkononi, mafuta ya nyama mdomoni. Aliona mikono iko juu, akanyoosha na wake.